Nani Alipaka Nyumba ya Mariamu

Mwezi jana tulimzika Mwalimu Rebeka, na watu walikuwa wengi mpaka viti vya kanisa vikaisha tukaletewa vya shule. Mimi niliwekwa mbele, kwenye tenti ya familia, kwa sababu kila mtu hapa mtaani Munyaka anajua kwamba mimi na yeye tulikuwa wasichana pamoja. Mjukuu wake, yule mrefu anayefanya kazi benki, akasimama kusoma historia ya marehemu. Akasoma shule alizofundisha, akasoma watoto, wajukuu na vitukuu, halafu akasoma kwamba bibi yake, kabla hata ya kuingia darasani, alitengeneza sinema ya Krismasi huko Ainabkoi kwa mikono yake mwenyewe, sinema ya sanamu zinazotembea na kuimba, na kwamba ni yeye aliyewaza nyumba ya Mariamu igeuke nyeupe mtoto anapozaliwa. Watu wakapiga makofi. Siku hizi watu hupiga makofi hata matangani. Baadaye kijana akanijia na maikrofoni akaniambia, nyanya, sema kidogo, wewe ndio ulimjua. Nikamwambia koo linaniuma. Koo langu halikuwa na shida yoyote. Nilikula nyama na wali wa matanga vizuri kabisa, na soda mbili juu. Lakini kuna maneno ambayo ukiyaanza mbele ya jeneza huwezi kuyamaliza, na mimi sikutaka kumkatia kijana kilio chake. Basi wacha niyaandike, polepole, maana kuandika kwangu ni kwa kuchukua pumzi.

Nilikotoka na nilizaliwa na nani, hayo si ya leo. Ya leo ni ule mwaka mmoja, kabla ya Emajensi ya wakati wa Mau Mau, mimi nikiwa na miaka kama kumi na tisa hivi. Hakuna mtu aliyeandika siku niliyozaliwa. Tulikuwa kwa shamba la mzungu, juu ya Ainabkoi, tukichuma pareto. Kama hujui pareto, ni maua meupe yenye moyo wa manjano, hukaushwa yakawa dawa ya wadudu, na ukiyachuma kutwa mikono inawasha na pua inatiririka. Na baridi ya huko, usiniulize. Asubuhi nyasi zilikuwa zinavunjika chini ya mguu. Mimi na Rebeka tulikaa chumba kimoja katika laini ya wafanyakazi, chumba cha udongo chenye mlango wa mabati, vitanda viwili vya miti, mafiga matatu katikati, na msumari mmoja ukutani ambao tulitundikia nguo zetu za kanisa, yake juu, yangu chini, kwa sababu yeye ndiye aliufikia kwanza. Tulikula ugali na mboga ya mrenda, siku njema na maziwa lala. Tuliimba pamoja katika kwaya ya shamba, yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili. Alikuwa mcheshi. Nyapara akipita aliweza kuiga mwendo wake mpaka wanawake wa mistari mitatu wakaangusha vikapu. Ninasema haya ili ujue kwamba nilimpenda. Mtu husalitiwa na mtu anayempenda. Yule mwingine anakudhuru tu.

Memsahibu wa shamba lile tulimwita Memsahibu Polepole, kwa sababu neno hilo ndilo alilosema kutwa nzima. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, na suruali ya bwana wake. Bwana alikuwa na ng'ombe na pareto, yeye alikuwa na kemra. Mwaka ule akaamua kwamba atatengeneza sinema ya Krismasi ya kuonyesha watoto wa wazungu mjini Eldoret, na waigizaji wake hawatakuwa watu, watakuwa sanamu. Kwanza alijaribu na watumishi wa nyumba yake. Mzee Zakayo, mpishi, alituambia kwamba walishindwa siku ya kwanza, kwa sababu mtu aliyezoea kupiga deki hawezi kusukuma mguu wa sanamu upana wa uzi na kuacha hapo. Ndipo Memsahibu akaja kwenye pareto, akasimama nyuma yetu, akitazama vidole. Ua la pareto hulivuti, unalipita na vidole kama unamchania mtoto nywele. Akatuchagua wawili. Wanawake wakatucheka, wakasema sasa tunaenda kucheza na watoto wa miti huku wenzetu wakifanya kazi.

Haikuwa mchezo. Kazi ilifanyiwa katika stoo ya kukaushia pareto, ile ndogo ya zamani, madirisha yamezibwa magunia ili jua lisiingie likabadilisha mwanga. Taa mbili kubwa zilivutwa na jenereta. Kemra ilikuwa juu ya miguu mitatu iliyopigiliwa misumari sakafuni. Juu ya meza kulikuwa na nchi nzima: barabara ya matope, vilima vya magunia yaliyopakwa rangi, na gari la kukokotwa na ng'ombe wanane, lile la zamani ambalo wazungu wa kwanza walipandia huku Uasin Gishu. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: mtoto Yesu anazaliwa, na gari la mahindi limekwama matopeni, na ng'ombe wanaimba wakivuta, wakiogopa watakuta mlango umefungwa. Unasogeza ng'ombe wa kwanza kidogo sana, wa pili kidogo sana, mpaka wa nane, unatoka, Memsahibu anapiga picha moja. Unaingia tena. Kutwa nzima tunasogeza, mgongo unakatika, na kazi ya hiyo siku ukiitazama inaisha kabla hujapiga chafya. Mimi nilisogeza ng'ombe wa kushoto, Rebeka wa kulia. Na ukitazama vizuri ungejua. Wa kwangu walitembea wakiinamisha kichwa, wa Rebeka walirusha shingo kidogo, kama yeye mwenyewe.

Wimbo uliimbwa na kwaya yetu, ukashikwa na mashine ya sauti hata kabla hatujaanza kusogeza. Ulisema, tumechelewa, bwana, njia ni matope, tumebeba mahindi, usifunge mlango. Sasa, ng'ombe aonekane akiimba, lazima mdomo wake ubadilike. Midomo ilikuwa ya nta, ile nta wanayoleta watu wa asali kutoka Elgeyo, na ilikaa ndani ya sanduku lenye vyumba vitano, kila chumba kimeandikwa herufi: mdomo wa a uko wazi kabisa, wa u umechongoka, wa o duara. Memsahibu akisema o, wewe unabandika o. Hivyo ndivyo nilivyojua herufi tano za kwanza, mimi ambaye sikuwa nimekanyaga mlango wa shule. Mpaka leo nikiandika a namwona ng'ombe. Nilianza kuzitafuta kila mahali, kwa mkebe wa chai, kwa gunia, kwa kitabu cha nyimbo. Rebeka alinicheka, akasema nimeanza kuwinda vidudu. Yeye pia hakujua kusoma, lakini kanisani alishika kitabu cha nyimbo wazi mbele yake na kugeuza kurasa kwa wakati wake, na wageni hawakujua.

Nyumba ya Mariamu niliijenga mimi. Nyumbani kwetu wanawake ni wafinyanzi, na Memsahibu alipotaka nyumba ndogo ya udongo nikamwambia aniachie. Nilienda mtoni kuchukua udongo, nikajenga fito ndogo, nikakandika, nikaezeka nyasi. Ilifika hapa kwenye kiwiko changu. Memsahibu aliizunguka mara mbili, halafu akaniuliza ninataka nini maishani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo, na sijui jibu lilitoka wapi, lakini nilisema shule. Akasema kuna shule ya misheni ya wasichana ya kulala huko huko, huwa hawachukui wasichana wakubwa kama mimi, lakini anamjua mama mkuu wa shule hiyo, na sinema ikiisha ataandika barua. Barua moja, akasema, maana nafasi ni moja.

Nilitoka stoo siku hiyo nikikimbia. Na kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nilimwambia Rebeka jioni ile ile, tukipukuchua mahindi. Nilimwambia kila kitu, na barua, na nafasi moja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ni vizuri, nitakuwa mwalimu, nitamchapa nyapara. Tukacheka. Baadaye nimekaa nikikitafuta kile kimya chake kama mtu anayetafuta sindano, nikijiuliza kilikuwa cha urefu gani.

Tulifika Desemba mapema, tukabaki na mwisho tu: gari linafika, mlango unafunguliwa, ng'ombe wanapiga magoti. Joto la zile taa miezi yote lilikuwa limepasua nyumba yangu nyufa. Jumamosi moja adhuhuri, mlango wa Mariamu ukiwa umefunguliwa nusu, mafuta ya jenereta yakaisha. Memsahibu akasema hakuna kugusa kitu chochote, hata vumbi, mpaka Jumatatu. Tukaenda jikoni kwa Mzee Zakayo, ambaye alikuwa anatupa chai ya mabaki, nzito na sukari nyingi. Mimi nikiwa nimechangamka nikasema ile nyumba ya Mariamu ni aibu, hata kuku hawezi kukubali kutagia pale, ingekuwa nyumba ya mama yangu ingeshapakwa udongo mweupe. Na si uongo. Krismasi ikikaribia kila mwanamke wa kwetu anakandika nyufa na kupaka upya, wakati mwingine na michoro. Mgeni yeyote hapokelewi ndani ya nyufa, sembuse mtoto Yesu. Mzee Zakayo akasema, "Basi mwambie Yosefu alete udongo, mama." Tukacheka wote watatu, yakaisha.

Jumapili baada ya ibada mimi nilishuka madukani Ainabkoi kununua chumvi, nikakawia huko na wanawake wa kwaya. Jumatatu asubuhi Memsahibu akafungua mlango wa stoo, ambao haukuwa na kufuli, akawasha taa, na nyumba ya Mariamu ilikuwa nyeupe. Nyeupe pepepe, imepakwa vizuri, na kando ya mlango michoro midogo ya vidole, mawimbi mawimbi, kama ya kwetu. Ilikuwa inapendeza. Hilo ndilo la kwanza nililowaza, Mungu anisamehe, kwamba inapendeza. Halafu nikakumbuka kwamba katika picha ya Jumamosi nyumba ni nyeusi na ina nyufa, na mlango uko nusu. Huwezi kuirudisha nyumba nyuma. Udongo haukubali.

Memsahibu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa juu ya debe, akavua miwani, akauliza kwa ile Swahili yao ya shamba, "Nani nafanya hii?" Mimi nikatazama mikono ya Rebeka. Alikuwa ameikunja mbele ya leso, lakini kucha zilionekana, na ndani ya kucha kulikuwa na udongo mweupe. Udongo wangu, ule niliotoka nao kwetu nikauweka ndani ya mkebe chini ya kitanda. Watu wameniuliza, wale wachache niliowaambia, kwa nini sikusema papo hapo. Sikusema kwa sababu nilikuwa ninamngoja aseme mwenyewe. Nilijua alifanya kwa moyo mzuri. Nilijua hata kama angesema, tungeomba msamaha pamoja, tungeanza upya ule mwisho, wiki moja, mbili. Nikamngoja, na huko kumngoja ndiko kulikoniponza.

Rebeka akasema, akitazama chini, "Memsahibu, Trufena ndiye alikuwa anasema nyumba iko na nyufa. Alisema jikoni, Mzee Zakayo alisikia."

Mzee Zakayo akaitwa. Akaja anajifuta mikono na aproni. Akaulizwa kama mimi Trufena nilisema maneno hayo. Akanitazama, akaona kuna jambo, lakini swali lilikuwa limefungwa pande zote. Akasema ndiyo, alisema. Memsahibu akanigeukia akasema yeye alinipa kitu kikubwa sana na mimi sikuweza kungoja siku mbili. Nikatazama tena kucha za Rebeka, kisha nikatoka. Siku hiyo hiyo nilirudi kwa pareto. Wenzangu wakanipisha mstari, wakaniuliza kama watoto wa miti wamelala.

Chumbani Rebeka alikuwa amepika. Alikuwa amekaanga mayai mawili, sijui aliyatoa wapi, na mayai kwetu yalikuwa ya wagonjwa. Aliyaweka upande wangu. Nikamwambia anioneshe kucha zake. Akasema nile kwanza, chakula kinapoa. Nikamwambia tena. Ndipo akanitazama usoni, na hakuwa analia, mimi ndiye nilikuwa ninalia.

"Mimi sikusema ni wewe," akasema. "Nilisema yale uliyosema."

"Ulijua atasikia nini."

"Barua ni moja, Trufena. Wewe una mikono. Utafinyanga vyungu popote. Mimi nikitoka kwa hii pareto nina nini? Kugeuza kurasa?"

Mpaka leo silipendi hilo swali, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Sikula mayai. Naona pia alikuwa na njaa, kwa sababu baada ya muda aliyala yeye, polepole, akiwa amenipa mgongo. Tuliendelea kulala chumba kimoja. Ungeenda wapi? Nguo zetu ziliendelea kutundikwa msumari mmoja.

Yeye akamaliza sinema peke yake, kuanzia pale pale mlango ulipoachwa nusu, maana Krismasi ilikuwa karibu na hakukuwa na muda wa kuanza upya. Ng'ombe wote wanane walipiga magoti kwa mkono wake, hata wale wa kwangu. Filamu ikapelekwa Nairobi kuoshwa, ikarudi, na Memsahibu akaitazama ukutani mwa nyumba yake. Mzee Zakayo alikuwa anapeleka chai, kwa hiyo yote haya niliyapata kwake. Aliniambia kwamba mlango wa Mariamu unafunguliwa, na ghafla, kwa kupepesa jicho, nyumba nzima ya nyufa inakuwa nyeupe na mawimbi kando ya mlango, na kwaya inapanda sauti. Ilionekana kama muujiza. Memsahibu akasimama, akarudisha nyuma, akaangalia tena, akaanza kucheka na kulia. Akasema aliyefanya hivi ana akili kuliko yeye. Na Rebeka, aliyekuwa amesimama karibu na jiko la kuota moto, akasema, "Ni mimi, Memsahibu. Nilipaka Jumapili."

Nilimwuliza Mzee Zakayo, na Memsahibu akasema nini? Kwa maana hapo ndipo angejua. Hapo ndipo angehesabu kwamba kama Rebeka alipaka, basi Trufena hakupaka, na Trufena yuko kwa pareto na mikono inawasha. Mzee akakoroga chai yake muda mrefu. Akasema Memsahibu alitazama dirishani upande wa laini ya wafanyakazi, kisha akasema, haya, vizuri sana, tuangalie tena. Hakuniita. Nilikaa wiki nzima nikimtetea moyoni, nikisema ataniita kesho, amekuwa na wageni, amekuwa na mafua. Nilimwona mara moja barabarani na gari lake. Akanipungia mkono kama mtu anayempungia mtu yeyote.

Mchana wa Krismasi sinema ikaonyeshwa Eldoret, kwenye ukumbi wao wazungu, ambamo sisi hatukuruhusiwa ila kwa kubeba trei. Mzee Zakayo alibeba trei. Watoto wa kizungu waliwaimbia ng'ombe, na nyumba ilipogeuka wakapiga miguu sakafuni. Memsahibu akamleta Rebeka mbele, akiwa na nguo nyeupe aliyoshonewa, akawaambia kwamba wazo lile lilikuwa la msichana huyu. Rebeka akainama kidogo. Mzee Zakayo alinisimulia hayo huku ananipa kipande cha keki alichokificha ndani ya kitambaa, na akasema, "Mama, mimi nilijibu nilichoulizwa." Nikamwambia najua, mzee. Yeye sikumkasirikia kamwe. Keki nikaila yote, ilikuwa na zabibu.

Januari barua ikaandikwa. Rebeka akaondoka kwa gari la maziwa na sanduku la bati, na aliponiaga alinishika mikono yote miwili, na mimi nikamwachia mikono kama ni ya mtu mwingine. Sinema ile sijawahi kuiona. Memsahibu alipouza shamba wakati wa uhuru aliondoka nayo, na sijui kama iko hai au imeoza mahali. Sauti yangu imo humo, sauti ya pili, pamoja na ng'ombe wanne wanaoinamisha kichwa.

Nilichuma pareto miaka mingine, nikaolewa, nikaja mjini, nikauza vyungu sokoni, nikazaa, yote hayo mnajua. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanaonisomea barua zangu nilipojiandikisha ngumbaru, masomo ya watu wazima, alasiri, kwenye darasa la watoto ambapo magoti yalikuwa hayaingii chini ya dawati. Siku ya kwanza mwalimu aliingia na chaki na rejista, amenenepa, amevaa miwani. Alikuwa Rebeka. Alinisoma jina bila kuinua macho. Nikasema niko. Wanawake wengine hawakujua lolote. Nilikuwa na mlango nyuma yangu, wazi, na nilifikiria kuondoka, nasema ukweli, niliinua hata kikapu. Lakini mji mzima haukuwa na darasa lingine la bure, na mimi nilikuwa nimengoja kitu hicho kuliko nilivyongoja msamaha wa mtu. Nikakaa.

Alifundisha vizuri. Hilo lazima niliseme, na wale waliolisema matangani hawakudanganya. Hakuwahi kumcheka mtu mzima. Ilipita miezi, na alasiri moja akatuambia kila mtu aandike sentensi yake mwenyewe, isiyo ya ubaoni, chochote alicho nacho moyoni. Mama mmoja aliandika kuhusu mbuzi wake. Mimi nilichukua muda wote, ulimi nje, kila herufi nikiisukuma kama jiwe. Niliandika: *Ni wewe ulipaka nyumba.*

Alipita dawati kwa dawati na kalamu nyekundu. Akafika kwangu, akainama, akasoma. Alikaa ameinama muda mrefu mpaka mama wa mbuzi akageuka kutazama. Nikasikia pumzi yake na harufu ya mafuta yake ya nywele. Halafu akaweka alama ya tiki kando ya sentensi yangu, kubwa, yenye mkia, akaandika chini yake kumi kwa kumi, akaenda dawati lililofuata.

Nilifunga daftari. Wiki iliyofuata nilirudi, nikakaa mahali pangu, na yeye akaanza somo.